Mwaka Niliponyamazisha Jenereta

Kwamboka alinipigia simu wiki tatu baada ya kumzika baba yake, na hakupoteza muda kwa salamu. Gari lile lililokuwa nyuma ya nyumba yao kule Kebirigo lilikuwa limepata mtu wa kulichukua, lakini mtu huyo alitaka bodi tupu, na fundi waliyemleta alikuwa ameshindwa kulitoa sanduku la jenereta. Alizungusha spana kutwa nzima, kisha akanawa mikono na kusema kwamba aliyelifunga sanduku lile hakukusudia litoke. "Ndiyo nimeona nikutafute wewe," Kwamboka akasema. "Si ni wewe ulilifunga?" Nikamwambia nitafika Jumapili. Halafu nikaketi juu ya mkebe wa rangi hapa karakanani kwangu, wafanyakazi wakaniuliza kama ni habari mbaya, nikawafokea warudi kazini. Nimechomelea vyuma miaka zaidi ya ishirini, nina mvi ambazo nasingizia vumbi la kusagia chuma, na hakuna kazi ya mikono yangu ninayoiogopa isipokuwa hiyo moja. Hata siku ya mazishi ya baba yake, Mwalimu, nilipita upande wa pili wa nyumba, nikakanyaga miche ya watu, ili nisilione lile gari.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina cheti cha chuo cha ufundi na viatu vya kazi ambavyo havikuwa vimefanya kazi yoyote. Gereji tatu za Kisii mjini zilinikatalia. Ya nne ilikuwa ya Fundi Ouma, mtu wa upande wa ziwa aliyekuja mjini kuchomelea mageti akabaki. Yeye hakuangalia cheti, aliangalia mikono. "Hawa vijana wangu wako na mikono kubwa," akasema. "Mimi nataka mtu mkono yake inaingia mahali bila kufungua kila kitu. Saa sita utakula nini?" Nilidhani ni swali la mtihani, nikababaika. Kumbe pale kila mtu alileta chake: Ouma alikaanga omena, dagaa wa ziwani kwao, kwenye jiko alilolitengeneza kwa rimu ya lori, mimi nikaleta ndizi za kuchemsha kutoka kwa mwenye nyumba wangu, na tulikula tumekalia tairi huku tukisikiliza watu wa gereji jirani wakigombana. Nilijifunza zaidi kwenye chakula kile kuliko darasani. Ouma alikuwa akiongea na kijiko mkononi, akichora sakafuni kwa mchuzi jinsi hewa ya moto inavyotafuta njia.

Mvua za masika zilikuwa zinaanza Mwalimu Ombui alipoingia gerejini na basi dogo kuukuu lililokuwa limetolewa viti. Alikuwa amestaafu ualimu, ila hajaacha kufundisha. Alitoa daftari la mistari ya miraba ambamo alikuwa amechora nyumba nzima kwa rula: kitanda cha watu wawili, meza ya kukunja, tangi la maji, kabati, na chini ya sakafu, upande wa kushoto, sanduku alilolipaka penseli nyeusi na kuandika "jenereta". Akatueleza wote pamoja kana kwamba tuko darasa la sita. Mke wake, Mama Sabina, mapafu yake yalikuwa yameharibika. Alikuwa akivuta hewa ya mashine ambayo mtoto wao wa ng'ambo aliituma. Mashine ilitaka stima. Kwao Kebirigo stima haikuwa imefika, na kule Nyacheki alikozaliwa mke wake haikuwa imefika vilevile. Basi walikuwa wamepanga chumba Nyanchwa karibu na kanisa, miezi minane sasa, na muda huo wote Mama Sabina hajaiona nyumba yake wala mama yake mzazi, ambaye alikuwa mzee sana na hawezi kusafiri. "Anataka kumwona mama yake," Mwalimu akasema. "Ni hilo tu ameniomba. Kwa hivyo kama yeye hawezi kuacha soketi, soketi itaenda naye."

Fundi Ouma alizunguka gari mara mbili, akapiga bodi kwa ngumi, akaniita kando. Alisema kazi ya kitanda na meza ni ya seremala, ya sanduku ni yangu. Sikuelewa kama ni heshima au adhabu.

Siku iliyofuata nilipanda boda boda hadi Nyanchwa kupima mashine ya hewa, nijue inakula umeme kiasi gani. Chumba chenyewe nakiona hadi leo: kitanda ukutani, kiti kimoja cha kitambaa, Biblia mbili za Ekegusii, na mashine pembeni, kubwa kama ndoo ya kunawia iliyopinduliwa, ikikoroma na kupiga pumzi zake kila baada ya sekunde kadhaa. Bomba jembamba la plastiki lilitoka kwenye mashine, likapita chini ya kiti, likapanda kitandani hadi puani mwa Mama Sabina. Kwamboka, binti yao wa mwisho, karibu rika langu, alikuwa akitwanga wimbi nje ya mlango. Waliniwekea ugali wa wimbi na chinsaga iliyolala kwenye maziwa, ile mboga chungu ambayo huwezi kuipika ukiwa na haraka. Mama Sabina hakula, aliniangalia nikila. Sentensi moja kwake ilikuwa safari: aliikata mara tatu au nne, akipumzika katikati, na wewe ulijikuta unapumua kwa niaba yake. "Kwa hivyo," akasema. Akapumzika. "Wewe ndiye utanipeleka." Akapumzika tena. "Nyacheki." Nikasema ndiyo, mdomo umejaa.

Nilipokuwa nikiandika vipimo nilisikia Mwalimu na Kwamboka wakiongea nje, kwa sauti ya watu wanaodhani ukuta wa mbao ni wa mawe. Mwalimu alisema kinachomuumiza si ugonjwa, ni kelele. Sauti ya mkewe imebaki ndogo hivi, na mashine inaifunika. Mkewe akimwambia kitu lazima yeye ainame aweke sikio mdomoni kwake, kana kwamba anamwibia siri. Akiongeza na jenereta, mama wa mkewe kule Nyacheki, ambaye masikio yake yamezeeka, hatasikia hata neno moja la mwanawe. "Nataka wakae waongee kama watu," akasema. Ndiyo maana alikuwa ameitoa ile betri ndogo iliyoifanya mashine ilie stima ikipotea. Nyanchwa stima ilikuwa ikipotea kila mara, na kile kilio kilikuwa kikimshtua mkewe hadi anakosa pumzi zaidi. Nilikubaliana naye kabisa. Ningeulizwa leo asubuhi ningekubaliana naye bado, na hilo ndilo linalonichanganya.

Kazi ikaanza. Jenereta tuliyoletewa, ukiiwasha juu ya sakafu ya saruji, ilikuwa ikipiga kelele hadi wauza nguo ng'ambo ya barabara wanatupungia mikono. Nilitengeneza sanduku la bati zito, nikaitia jenereta ndani, nikawasha: kelele ikawa ile ile, sasa na mwangwi. Kila mtu gerejini akawa profesa. Mmoja alisema nibandike trei za mayai, nikabandika, nikapata sanduku lenye trei za mayai. Mwingine akasema godoro kuukuu. Ouma akalinyakua godoro akalitupa nje. "Hiyo ikishika moto utamchoma mama ya watu. Kelele iko na njia mbili," akasema, akachora kwa kijiko. "Inatembea na chuma, na inatembea na hewa. Kata zote mbili. Lakini hewa yenyewe usikate, ama mashine itakufa na joto." Usiku nililala nikiwaza jinsi ya kuzuia kitu na kukiachia kwa wakati mmoja.

Nilikata vipande vya tairi la lori, nikaikalisha jenereta juu yake ili mtetemo usishuke kwenye chuma. Njia ya hewa niliipinda kona tatu, maana kelele hukimbia moja kwa moja kama ng'ombe aliyeona mto, lakini hewa hujua kupinda. Ekzosi, yaani bomba la moshi, niliiunga na silensa ya pili kutoka kwa gari lililokufa, nikaipitisha nje hadi juu ya paa, mbali na dirisha la kitanda. Kisha nikapata wazo ambalo hadi leo watu wa kazi hii huniuliza nililitoa wapi. Nilienda Tabaka, kwa wachonga vinyago, nikajaza magunia manne ya vumbi la yale mawe yao laini, wakanicheka sana. Nilitengeneza sanduku la pili nje ya la kwanza, na katikati nikashindilia lile vumbi kama mtu anavyoshindilia wimbi kwenye kibuyu. Gari likaegemea kushoto kwa uzito, tukahamisha tangi la maji kulia. Kabati la mashine ya hewa nalo nikalifanyia vivyo hivyo, kwa sababu Mwalimu alisema nayo inyamaze, nikaipitishia hewa safi kutoka upande mwingine wa gari. Nje niliacha kijilango cha kuwashia na kutilia mafuta, lakini bolti zote nilizifunga kutoka ndani, kupitia upenyo wa sakafuni ambapo mkono wangu tu ungeweza kupita. Nilikuwa na majivuno, sikatai.

Siku tulipowasha, Fundi Ouma alipanda ndani, akaweka kikombe cha chai sakafuni, juu kabisa ya jenereta, akakiangalia kwa muda. Kisha akashuka akaniuliza, "Umewasha?" Nikamwambia ishawaka. Akaenda nyuma akaweka mkono kwenye ekzosi, akaurudisha haraka. Mchana ule alinikatia kipande kikubwa cha samaki. Mwalimu alipokuja aliketi juu ya kitanda peke yake, mlango umefungwa, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. "Wewe msichana," akasema mbele ya wanaume wote wa gereji, "umefanya jambo ambalo wahandisi wa Nairobi waliniambia haliwezekani." Sijui kama alikuwa amewauliza wahandisi wowote. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na hakuna mtu aliyekuwa amenisifu mbele za watu tangu nizaliwe.

Jumatatu moja wakamleta Mama Sabina ajaribu. Tulimlaza, tukaingiza bomba, nikawasha kila kitu, Mwalimu akabaki nje akimweleza Ouma habari za pembe za sanduku. Nikawa mimi na yeye. Alikaa amefumba macho muda mrefu. Kisha akasema, kwa Kigusii, nami natafsiri maneno yake yalivyokuwa: "Siisikii." Nikacheka kwa furaha. "Ndiyo, Mama. Ndivyo Mwalimu alitaka." Akatikisa kichwa. "Kule chumbani." Akapumzika. "Nikisikia inakoroma, najua nipo." Akapumzika. "Hii imenyamaza kama... kama imekufa. Nitalalaje?" Akanyooshea kidole ukuta wa kabati la mashine, karibu na mto. "Toboa hapo, mwanangu. Kidogo tu."

Tundu moja. Kulitoboa kungenichukua dakika kumi. Nilimwambia nitamuuliza Mwalimu, na yeye akanishika mkono akanishukuru kana kwamba nimeshatoboa. Sikumuuliza. Nimejiuliza kwa nini kwa miaka hii yote na kila mwaka napata jibu tofauti. Mwaka mwingine nasema ilikuwa kiburi cha kazi yangu, nisiiharibu kwa tundu. Mwaka mwingine nasema ni Mwalimu aliyeniajiri, na mteja ni mteja. Mwaka mwingine nasema nilidhani ni mawazo ya mgonjwa, yatapita akizoea. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtu anayepumua bure hawezi kujua ni kitu gani kinamhakikishia mwenzake kwamba anapumua. Lakini hata hayo nimeyajua baadaye.

Tulienda Nyacheki Jumapili, mimi nikiwa fundi wa safari. Kazi yangu siku ile ilikuwa moja tu, kuangalia jenereta. Barabara ilipanda na kushuka katikati ya majani chai, Kwamboka akaimba nyimbo za kanisani, Mama Sabina amelala akiangalia dirishani migomba ya kwao ikipita. Tulipofika, ndugu zake walitoka wakikimbia, na mimi nikaona kwamba mbele ya nyumba kuna uwanja mzuri, tambarare, pengine mahali pekee tambarare kijiji kizima. Mwalimu akaanza kuingiza gari. Kaka mkubwa wa Mama Sabina akasimama mbele ya gari na mkono juu.

Sikuelewa mara moja, nami ni Mgusii. Wakaanza kuongea kwa heshima kubwa, wakiangalia pembeni. Ndani ya gari mlikuwa na kitanda, kitanda cha mkwe na mkewe. Uwanja ule ulikuwa wa mama mkwe. Kwetu mkwe na mama mkwe wana chinsoni, ile haya inayowatenga: hawapeani mikono, hawali pamoja, na kitanda cha mmoja mwingine hapaswi hata kukiona. Mkwe hulala kwa jirani. Sasa mkwe huyu alikuwa amekuja na chumba chake cha kulala kizima na anataka kukiweka mlangoni. Mwalimu alikuwa mtu wa kanisa na mtu wa vitabu, nilidhani atabisha. Akaangalia chini kama mwanafunzi. "Mna haki," akasema. "Ni mimi nimesahau." Kwenye daftari lake la rula alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa mahali pa kuegesha. Wakatuelekeza chini, nje ya ua, kwenye kinjia cha wachuma chai, mteremkoni. Tukaweka mawe nyuma ya magurudumu, na gari likalala limeinama upande wa kushoto. Hakuna aliyeshangaa, sisi huku tumezaliwa kwenye miteremko, hata sufuria tunaitegemeza kwa kijiwe bila kufikiri. Niliwasha jenereta, ikawaka, nikaweka mkono ukutani nikasikia mtetemo wake mdogo. Nikamwambia Mama Sabina, "Iko sawa."

Mama yake alishushwa akiwa amebebwa kwenye kiti. Magokoro, kama sote tulivyomwita bibi yule, alikataa kuingia kwenye gari lenye kitanda cha mkwe, lakini waliweka kiti chake chini ya dirisha, na mama na mwana wakaongea kupitia dirishani karibu saa nzima. Niliyasikia yote kwa sababu hapakuwa na kelele ya kuyafunika. Waliongea habari za ng'ombe mmoja aliyekuwa mkaidi zamani, za nani alikufa, za jinsi ya kulainisha chinsaga. Mwalimu alikuwa amesimama mbali, nyuma ya majani chai, asionekane, na alikuwa akitabasamu. Baadaye Magokoro akachoka akapandishwa nyumbani, na Mama Sabina akasema anataka kulala kidogo. "Nendeni mle," akasema. "Nyote."

Tukaenda. Jikoni kwa wanawake kulikuwa na moshi na vicheko, walinipa kuku, wakaniuliza kwa nini msichana kama mimi hana mume na anashika spana. Kwamboka alikuwa akiosha vyombo na binamu zake. Mwalimu alikuwa sebuleni kwa shemeji yake. Kutoka pale hadi kwenye gari ilikuwa ni kama hatua mia moja, na nakumbuka nilitega sikio, nikasikia kimya, nikafurahi. Nilichukua kikombe cha chai nimpelekee akiamka. Nilipokaribia gari niliona moshi hautoki juu ya paa. Nikajiambia jua ni kali, hauonekani. Nikagusa ekzosi, ilikuwa ya baridi.

Alikuwa ameketi. Bomba lilikuwa bado puani, midomo imegeuka rangi ya zambarau, na mkono wake mmoja ulikuwa umefunguka kabisa juu ya ukuta wa kabati, vidole vimetandazwa, akitafuta mtetemo. Aliniangalia. Alikuwa hai. Nilikimbia chini nikavuta kamba ya jenereta, ikapiga mara moja ikafa. Nikavuta tena. Mafuta yalikuwemo, plagi ilikuwa safi, kila kitu kilikuwa kama nilivyokiacha, na kila nikivuta ilikohoa ikafa, ngozi ya viganja ikatoka, nikaita watu. Mwalimu alikuja bila viatu. Akawasha gari tukaondoka kwenda Kisii, Kwamboka amempakata mama yake, mimi nimelala sakafuni nimetia mkono kwenye ule upenyo wa kufikia bolti nikigusagusa nyaya nisizoziona. Tulipofika barabara ya lami Kwamboka akamwambia baba yake, "Simama, Tata." Akasema hivyo tu, na kiganja chake kilikuwa kimemfumba mama yake macho. Mwalimu akasimamisha gari kando, mahali tambarare. Nami, sijui kwa nini, nikashuka nikavuta kamba kwa mara ya mwisho, na jenereta ikawaka. Ikawaka kwa mvuto mmoja, ikatulia, na ndani ya kabati mashine ikaanza kupumua bila kusikika.

Miezi iliyofuata siwezi kuieleza vizuri kwa sababu sikuwa naelewa chochote. Kule Nyacheki walisema ni chinsoni, kwamba kitanda kilikuwa karibu mno hata pale chini. Watu wa gereji walisema ni mafuta machafu. Mwalimu kwenye mazishi alisimama akanishukuru kwa jina, akasema mkewe na mama yake waliongea kama watu, na kwamba alikufa mahali patulivu. Nilitaka ardhi inimeze. Niliijaribu ile jenereta gerejini, juu ya saruji, siku baada ya siku. Haikuzimika hata mara moja. Nilifikiri nimerogwa, nilifikiri nimekuwa mwehu. Hadi siku moja ya mvua, tunakula, Ouma akaweka bakuli la mchuzi juu ya tairi lililolala upande, mchuzi ukakimbilia ukingo mmoja na ukingo mwingine ukabaki mkavu. Akaacha kutafuna. Tukaangaliana. Ndani ya tumbo la jenereta kuna kidude kinacholinda injini: kikiona oili imepungua kinaizima. Ukiinamisha jenereta, oili inakimbilia upande mmoja; mwanzo inabaki ya kukigusa, lakini injini ikipata joto na kutikisika, kidude kinaona pakavu. Oili ilikuwepo yote. Sisi, watu wa milimani, tulikuwa tumesahau mlima. "Usimwambie mzee," Ouma akasema. "Maji ikimwagika haizoleki." Nikamtii. Tangu siku hiyo kila jenereta ninayoifunga huwa naijaribu ikiwa imeinama, na wateja hunidhania nina wazimu.

Sikumwambia Mwalimu juu ya mteremko, na juu ya lile tundu sikumwambia mtu yeyote, hata Ouma. Mteremko ungeweza kumpata fundi yeyote. Tundu niliombwa mimi.

Jumapili niliyoahidi nilifika Kebirigo kabla ya jua kuwa kali. Kwamboka sasa ni mama wa watoto wakubwa, amenenepa vizuri, miwani imening'inia kifuani. Alinipa chai na viazi vitamu, tukazungumza habari za bei ya majani, kisha tukazunguka nyuma. Gari lilikuwa limezama hadi kwenye rimu, rangi imetoka, lakini ndani palikuwa safi. Mwalimu alikuwa akipafagia, Kwamboka akasema, hadi mwezi aliolazwa. Nililala sakafuni, nikaingiza mkono. Umenenepa, huo mkono, haukupita kwa urahisi kama zamani, lakini vidole vilizijua bolti. Kwamboka alishika tochi. Bolti ya tatu ilipolegea vumbi la Tabaka likaanza kumwagika taratibu, jeupe, likafunika magoti yake.

"Kuna kitu Tata aliniambia hospitalini," akasema. "Nimekaa nacho, nikaona ni wewe tu naweza kuambia." Nikaendelea kuzungusha spana. "Alisema Mama alimwomba akuambie uache tundu kidogo, asikie mashine. Akamjibu, Sabina, tumetafuta kimya hiki kwa taabu, utazoea. Miaka yote hiyo alikuwa anaona ni yeye alimuua. Hakuwahi kusema." Akahamishia tochi mkono mwingine. "Na mimi nikashindwa kumwambia baba yangu akiwa anakufa kwamba Mama alikuja kwangu pia. Aliniambia, mwambie yule msichana. Nikamwambia sawa. Halafu kukawa na maandalizi, na nguo za kufua, na mimi nikaona ni jambo dogo."

Nilitoa mkono. Nilikuwa na maneno tayari, maneno ya zaidi ya miaka ishirini, na yalikataa kutoka kwa mpangilio. "Aliniambia mwenyewe," nikasema. "Siku ya kujaribu. Nilimwahidi."

Kwamboka alizima tochi. Hakulia, na mimi sikulia. Sikujua kama mzigo wangu umepungua kwa kugawanywa au umekuwa mitatu, na sijui hata sasa ninapoandika. Nilichokiona pale sakafuni ni kitu kingine kabisa. Nilimwona mama yule akienda kwa mume, kisha kwa binti, kisha kwa fundi, na ombi moja. Sentensi moja ilimgharimu pumzi nne. Aliisema mara tatu.